Mtoto kaandika alichokiona, kapigwa kosa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nafasi ni ndogo lakini nikirefuka nivumilie, maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mpwa wangu aje kunionyesha daftari lake la sayansi. Shule siitaji na mwalimu simtaji, sijaandika ili nimchome mtu.

Huyu mpwa wangu yuko darasa la sita. Walipewa kazi ya kufanyia nyumbani, jaribio la kuyeyusha barafu: chukua glasi tatu, moja maji matupu, ya pili maji ya chumvi, ya tatu maji ya sukari, tia kipande cha barafu kila glasi kwa wakati mmoja halafu angalia kipi kinaisha kwanza, uandike. Kazi nzuri kabisa, niliisifia mwenyewe, haina gharama wala haihitaji maabara, na kwa vile mi nauza barafu hapa Tanga nina mafriza dukani basi akaja kwangu moja kwa moja, "Shikamoo mjomba, naomba barafu ya shule," nikampa na trei nzima.

Sasa matokeo. Barafu ya kwenye maji matupu ndo iliisha kwanza, ya sukari ikafuata, ya chumvi ikawa ya mwisho, na siyo ya mwisho kwa kupishana kidogo, hapana, ya maji matupu ilikuwa imeshapotea kabisa huku ya chumvi bado kipande kizima kinaelea kinang'aa. Akaandika hivyo hivyo alivyoona. Daftari limerudi na kosa refu la kalamu nyekundu, pembeni kaandikiwa chumvi huyeyusha barafu haraka, rudia. Wenzake walioandika chumvi ya kwanza wote wamepewa vema. Nikamuuliza hivi hao wenzako walifanya kweli hilo jaribio au? Akacheka, akasema wengine kwao hata friji hamna, kaka zao wamewagugolia kwenye simu.

Yaani aliyefanya kakosa, na asiyefanya kapata. Hapo ndo penye barua yangu.

Kabla sijaendelea niseme kwamba mtoto hakufanya ovyo, maana najua kuna mtu atasoma hapa aseme labda vipande havikulingana, labda maji ya chumvi yalikuwa ya baridi zaidi. Vipande vyote vilitoka trei moja, ukubwa mmoja. Maji aliyachota ndoo moja, akakoroga chumvi na sukari mpaka vikapotea, halafu glasi zote tatu akaziacha juu ya kaunta muda wa kutosha ili joto lilingane, na hilo la kuziacha sikumwambia mimi, kalijua mwenyewe, maana chumvi ikiyeyuka kwenye maji inayapunguza joto kidogo na sukari vile vile. Angekuwa na kipimajoto angepima ila majumbani kwetu kipimajoto kilichopo ni cha homa, na hicho hakishuki huko chini kwenye barafu, kimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu tu. Kwa hiyo akatumia kidole. Kwa darasa la sita mi naona inatosha kabisa.

Halafu tukarudia pale dukani, safari hii tukaweka rangi ya chakula, ile nyekundu ya matone wanayotumia watu wa keki. Tone moja kila tundu la trei kabla maji hayajaganda. Mhariri, hili naomba wasomaji wako walifanye wenyewe maana mi nimeuza barafu miaka na sikuwahi kuona kitu kama hiki. Glasi ya maji matupu, barafu ikianza tu kuyeyuka unaona uzi mwekundu mwembamba unashuka kutoka chini ya kipande, unajikunja kunja, unafika kitako cha glasi na kutandaa, halafu uzi mwingine, na mwingine, baada ya muda glasi yote imeshakuwa ya pinki. Glasi ya chumvi sasa, hamna uzi hata mmoja. Rangi yote imebaki juu, imekaa kuzunguka barafu kama shuka uliyojifunika, na chini yake maji meupe peeee mpaka kitako. Wateja waliokuja kununua barafu wakasimama na wao, wengine wakasahau barafu zao kwenye kaunta.

Ukishaona hivyo sababu inajieleza yenyewe. Barafu hata ukiitia kwenye maji ya chumvi yenyewe imegandishwa kwa maji matupu, kwa hiyo ikiyeyuka inatoa maji matupu ya baridi. Kwenye glasi ya maji matupu haya maji ya baridi ni mazito kuliko yale ya joto yaliyomo, maji yanakuwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi joto 4 hivi, basi yanazama, na yakizama ya joto yanakuja kuchukua nafasi yake pale ilipo barafu, yanapoa, nayo yanazama, inakuwa mzunguko, barafu inaletewa joto jipya kila saa. Kwenye maji ya chumvi mambo ni mengine, chumvi imeyafanya yale maji ya glasi kuwa mazito kiasi kwamba yale yanayotoka kwenye barafu, pamoja na ubaridi wake wote, bado ni mepesi, hayazami. Yanabaki pale pale juu yameizunguka barafu, na joto lililoko chini ya glasi halina njia ya kufika upesi. Na sukari ni hadithi ile ile, na yenyewe inayafanya maji kuwa mazito.

Kitu kingine mpwa wangu kakivumbua bila kuambiwa. Akachukua kijiko akawa anakoroga glasi zote, taratibu tu, mwendo mmoja. Ile tofauti yote ikayeyuka, maji matupu na ya chumvi vikaenda karibu sawa. Ndo nikasema huyu mtoto ana akili, maana kukoroga ndo kunathibitisha maneno yote niliyoandika hapo juu, kama kinachochelewesha ni yale maji baridi kukaa kuizunguka barafu basi ukiyavuruga lazima mchezo ugeuke, na umegeuka. Hilo la kijiko hakuliandika kwenye daftari kwa sababu swali halikuuliza.

Sasa nimtetee mwalimu kidogo, maana na yeye hakuokota jalalani. Ni kweli chumvi inayeyusha barafu, mi mwenyewe nalijua hilo kwa biashara. Hawa kinamama na vijana wa samaki wanaonunua barafu kwangu, akitaka samaki wake washike baridi kali anaponda barafu, anarushia chumvi ya mawe katikati, tabaka kwa tabaka. Chumvi ikikutana na ile barafu yenyewe, siyo ndani ya glasi ya maji, inashusha kile kiwango cha kugandia. Maji matupu yanaganda kwenye sifuri, ukitia chumvi yanataka baridi zaidi ndo yagande, na chumvi ikikolea vizuri unaweza kufika hasi 21 hivi. Kwa hiyo barafu iliyotulia pale kwenye hasi kadhaa, ikimwagiwa chumvi inaanza kuyeyuka hata kama hakuna aliyeipasha moto. Ndo maana nchi za baridi kama Kanada wanamwaga chumvi barabarani magari yasiteleze, na ndo maana zamani kabla ya mafriza haya aiskrimu ilikuwa inagandishwa kwa kuzungushia chombo barafu na chumvi. Barafu inaisha upesi na baridi inaongezeka, vyote kwa mpigo. Muuza samaki anayejua kazi yake anajua hiyo chumvi anailipia mara mbili, kwa chumvi yenyewe na kwa barafu inayokwisha mapema.

Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi kuhusu chumvi iliyonyunyiziwa juu ya barafu. Ila yeye hakuuliza hilo! Aliuliza barafu iliyotiwa kwenye glasi ya maji ya chumvi, ambayo ni kitu kingine, halafu akasahihisha kwa jibu la swali la kwanza. Na nina uhakika asilimia mia hajawahi kuchukua glasi akajaribu, maana angejaribu hata mara moja tu angeona. Simlaumu kwa kutojua, darasa lina watoto wengi na mshahara wenyewe unaujua, namlaumu kwa kupiga kosa kabla ya kuangalia. Mtoto kamletea kitu alichokiona kwa macho, jibu la heshima lilikuwa hebu lete tuone. Barafu ya shilingi mia tu hiyo.

Na tusidhani hili jambo ni la kwenye glasi tu. Huko Greenland na kwenye ncha ya kusini ya dunia kuna milima ya barafu inayogusana na bahari, na bahari ni maji ya chumvi, lita moja ina kama gramu 35. Barafu ya huko ni maji matupu, ikiyeyuka chini ya maji, yale maji matupu hayazami, yanapanda juu kuambaa na ukuta wa barafu. Wanasayansi wanafuatilia sana hiyo njia yanayopitia maji kwa sababu ndo inachangia barafu iyeyuke haraka au polepole kiasi gani. Yaani kile alichokichora mpwa wangu kwa penseli nyekundu kwenye daftari, rangi imekaa juu, maji meupe chini, kuna watu wanapanda meli kwenda kukipima.

Kinachonikera zaidi ni kwamba yote haya yanatokea Tanga. Hapa hapa mkoani kwetu, juu kule Lushoto, mwaka 1963 kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba Sekondari anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndo wanaweka kwenye friji, na nafasi zenyewe za kugombania. Siku hiyo mwenzie mmoja akaona akichemsha atakosa nafasi, akachanganya maziwa yake na sukari akaingiza hivyo hivyo ya baridi. Mpemba ya kwake yapo motoni, akajua akisubiri yapoe atakosa trei, akayaingiza yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye kufungua, ya Mpemba yameganda, ya mwenzie bado uji. Kwenda kumuuliza mwalimu akaambiwa umejichanganya, haiwezekani.

Wangapi wangeishia hapo? Yeye hakuishia hapo. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo ya dunia, na darasani ikawa utani, mtu akikosea hesabu wanamwambia hiyo hesabu ya Mpemba. Mpaka siku alipokuja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba kanyanyua mkono kauliza mbele ya watu wote, maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100 ukiyaweka friji kwa pamoja ya 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzie wakacheka. Osborne hakumcheka, na hakumkubalia pia, alirudi Dar akasema yajaribiwe. Yakajaribiwa. Mwaka 1969 wakaandika wote wawili, jina la Mpemba na jina la Osborne, kwenye jarida la Physics Education la Uingereza, na mpaka leo dunia nzima inaita hilo jambo kwa jina la Mpemba.

Najua kuna mjuaji atanijibu kwamba hilo la Mpemba lenyewe bado lina ubishi. Ndiyo, lina ubishi. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza, majibu yakaja zaidi ya 22,000, na mwaka 2016 watafiti wengine huko huko Uingereza wakapima kwa makini wakaandika kwamba wao hawakuona ushahidi wa kutosha. Sawa. Lakini angalia wanavyobishana, wanabishana kwa kupima! Hakuna aliyemaliza ule ubishi kwa kalamu nyekundu. Mi sidai kwamba mpwa wangu ni Mpemba, ya kwake wala siyo mapya, ni jambo linalojulikana na linaelezeka vizuri tu. Nachodai ni kwamba njia ya kumjibu ni ile ya Osborne.

Kuna hili lingine la hizi projekti kwa ujumla. Jirani yangu ana stesheneri, fotokopi, kuprinti, vitu kama hivyo. Msimu wa kazi za nyumbani ukifika foleni ni ya wazazi, siyo ya watoto. Mzazi anakuja na ujumbe wa shule kwenye simu, nataka ile ya kuyeyuka kwa barafu, mmeshaitengeneza? Na kweli ipo, imeshatengenezwa, ina picha za rangi, ina jedwali, ina hitimisho, kilichobaki ni kuandika jina la mtoto juu. Mama mmoja nimemsikia kwa masikio yangu anaomba namba kwenye jedwali zibadilishwe kidogo zisifanane na za mtoto wa jirani yake. Hata sikucheka, nilimuonea huruma, maana anajua kabisa kitakachopewa alama ni manila yenye rangi na jibu linalofanana na la mwalimu. Mzazi anacheza ngoma kama inavyopigwa.

Sasa mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika 2024, kila mkutano wa wazazi tunaambiwa umahiri, umahiri, mtoto atende siyo akariri. Vizuri sana, tumeupokea kwa mikono miwili. Lakini mtoto akishatenda halafu anasahihishwa kwa mwongozo wa majibu, hapo umahiri uko wapi? Kukariri kule kule, tofauti ni kwamba sasa kuna na gharama ya manila. Mi naona kwenye jaribio la nyumbani alama zisiwekwe kwenye jibu kabisa, ziwekwe kwenye maswali kama haya: vipande vilikuwa sawa? maji yalitoka sehemu moja? uliona nini dakika ya kwanza, uliona nini baadaye? ukirudia inakuja vile vile? na unafikiri ni kwa nini? Mtoto aliyegugo hawezi kujibu uliona nini dakika ya kwanza. Atababaika tu. Yule aliyefanya atakueleza mpaka nzi aliyeingia kwenye glasi ya sukari.

Na wewe Mhariri usijifanye haikuhusu. Gazeti lako lina kurasa za wanafunzi, mitihani ya majaribio na majibu yake chini kwa herufi ndogo zimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Si vibaya. Ila weka hata mara moja kwa mwezi swali moja lisilo na majibu chini, swali la kufanya, halafu wiki inayofuata chapisha watoto walivyoona, hata wakitofautiana, hasa wakitofautiana. Mfano huu hapa nakupa bure: chukua vipande viwili vya barafu, kimoja kiweke juu ya kifuniko cha sufuria ya alumini, kingine juu ya kibao cha kukatia mboga, kwanza waguse hivyo vitu kwa mkono waseme kipi ni cha baridi zaidi na kwa hiyo barafu itakaa wapi zaidi, ndo waweke. Sisemi kinachotokea. Waambie wafute maji kwanza na wasifanyie juani.

Kwa walimu wa hapa Tanga mjini watakaosoma barua hii, hata huyo wa mpwa wangu, ambaye nasikia ni mtu mwema tu na watoto wanampenda: siku yoyote mkitaka kufanya hili la glasi darasani, barafu naitoa mimi bila malipo, ya rangi na isiyo na rangi, semeni siku moja kabla ili igande vizuri maana umeme nao mnaujua. Nyie leteni glasi za kioo, za plastiki nyeupe zisizoonyesha hazifai, na chumvi vijiko vitatu vilivyojaa kila glasi. Mkifika Ngamiani ulizeni mjomba wa barafu, mtaelekezwa.

Ni mimi,
Mjomba wa mwanafunzi,
Ngamiani, Tanga.